Maswali ya Mama wa Masijala

Fomu ikimfika mkononi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuilaza kifudifudi juu ya mapaja yake. Hakuisoma. Aliiwekea kiganja cha mkono wa kushoto, akamtazama aliyeileta na kuanza kumwuliza habari za nyumbani: mvua imefika, shangazi amepona, ule ukuta ulioanguka mmeusimamisha. Maongezi yalichukua robo saa, wakati mwingine zaidi, mpaka mwenye fomu akasahau kilichomleta. Hapo ndipo alipoigeuza, akachukua kalamu, akaijaza yote kwa mkupuo mmoja bila kuuliza kitu kingine. Mara chache sana alikosea.

Ofisini tulimwita Mama wa Masijala, kwa sababu masijala ndiko alikokaa, kile chumba cha mafaili chenye kidirisha cha kupokelea barua. Nami nitamwita hivyo hivyo. Kuhusu majina yake nitasema mwishoni.

Afadhali niseme mapema kwamba nilimwonea wivu. Wala si wivu wa siku moja mbili. Nilikaa nao miaka kumi na miwili Nachingwea, nikahama nao kwenda Ruangwa, na sina hakika kama umeniacha hata leo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, kisha nikakisomea chuoni, kisha nikaletwa kusini mwanzoni mwa miaka ya tisini kukifundisha sekondari. Baadaye wakanivuta ofisi ya wilaya, upande wa elimu, nikapewa meza iliyotenganishwa na masijala kwa ubao mwembamba. Nilidhani watu watakuja kwangu. Barua zangu zilikuwa safi, hati yangu nzuri, na hakuna neno la Kiswahili lililoandikwa kwenye fomu ya serikali ambalo nisingeweza kulieleza. Mama wa Masijala alikuwa Mmwera aliyeishia darasa la nane la zamani. Kiswahili alikutana nacho shuleni na sokoni, na alikizungumza kama wanavyokizungumza wenzake, Kimwera kikichungulia kila baada ya maneno matatu.

Watu walifika mlangoni kwangu wakiwa wamekunja fomu zao kwapani. Niliinuka kidogo kwenye kiti. Wao waliniamkia kwa heshima zote, halafu wakasema, "Samahani Mwalimu, Mama yupo?"

Ubao ule mwembamba ulinisomesha kwa lazima. Kuna siku alikuja baba mmoja kutoka Chiola ambaye fomu yake ya mirathi ilikuwa imerudishwa mara mbili kwa kukosa tarehe ya kuzaliwa. Mara zote mbili niliyemhudumia nilikuwa mimi. Nilimwuliza alizaliwa mwaka gani, akasema hajui, nikaandika hajui. Nilimweleza kwa upole kabisa maana ya swali, akaniitikia, akasema tena hajui.

"Baba," nikamsikia Mama wa Masijala upande wa pili, "Waingereza wanalima karanga hapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nnawinga ndege kwa mjomba."

"Peke yako?"

"Na dada yangu. Mimi kombeo bado siwezi."

"Na reli wanaing'oa, wewe uko wapi?"

"Aa, reli hiyo mimi nina mke."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Mwaka aliouandika niliukariri. Wiki mbili baadaye, nikiwa na safari ya kikazi Chiola, nilipita kanisani nikaomba kuangalia daftari la ubatizo, nikakuta mdogo wake yule baba ameandikwa mwaka uliofuata ule wa Mama wa Masijala. Yaani niliendesha baiskeli ya ofisi juani kumtafutia kosa mwanamke wa watu, nikamkuta yuko sahihi. Sikumwambia mtu.

Alikuwa na usemi wake, kwamba mtu humwulizi kisichojulikana, unamwuliza anachokijua, halafu hesabu unafanya wewe. Aliusema kila alipoona kijana wa ofisini akimkaripia mkulima kwa kutojua ekari zake. "Mwulize ana mikorosho mingapi," alisema. "Hiyo ataihesabu amefumba macho. Nani kamwonesha ekari inafananaje?" Kisha aliongeza swali ambalo mimi wa Tanga nisingelifikiria hata kwa dawa: mikorosho ni ya nani, na ardhi iliposimama ni ya nani. Kule mtu anaweza kuwa amepanda miti yake mwenyewe kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na ukimwuliza tu shamba ni la nani, atakujibu kweli tupu na wewe utaandika uongo.

Kalamu yake aliifunga uzi akaivaa shingoni, na hakumwazima mtu. Mhuri aliupulizia pumzi kwanza hata kama wino ulikuwa mbichi. Fomu zikijazwa alipokea alichopewa, karanga za kuchemsha, muhogo, siku moja jogoo aliyetutembelea mezani mchana kutwa, na kila kilicholiwa aligawa mafungu mawili, moja akanipitishia juu ya ubao. Nilikula. Karanga zilikuwa tamu na wivu ukabaki palepale.

Usidhani alikuwa mpole wa kila mtu. Asiyejua kusoma alimvumilia asubuhi nzima, lakini msomi alimtupia fomu yake. Bwana shamba mmoja mwenye digrii aliomba asaidiwe kujaza, akajibiwa, "Mikono si unayo?" Na huyu aliyekuwa akichimba ukweli wa watu mpaka siku waliyoanza kuwinga ndege, alikuwa na uongo wake mdogo mdogo pia. Wapika pombe wote wa Nachingwea, kwenye fomu zake, walikuwa wakulima.

Kikubwa zaidi, fomu zake mwenyewe hakujaza. Miaka yote niliyokuwa naye hakwenda likizo hata mara moja, kwa sababu likizo huombwa kwa fomu. Nilimwuliza sababu. Akasema hajapata mtu wa kumwuliza. Nikacheka nikidhani ni mzaha, nikarudi mezani kwangu, na wala halikunijia wazo kwamba mtu huyo ningeweza kuwa mimi.

Badala yake nilimfanyia hiana. Niliandika dokezo kwa mkubwa wetu, kurasa mbili, Kiswahili cha kupendeza, nikishauri kwamba kwa ajili ya utaratibu mzuri fomu za wananchi zijazwe mapokezi pekee na si masijalani. Mkubwa alilisoma, akaandika pembeni "Lihifadhiwe," akalipeleka panapohifadhiwa mambo. Mama wa Masijala alilipokea, akalitoboa, akalipa namba, akaliweka kwenye faili lake. Mchana akanipitishia muhogo juu ya ubao kama kawaida. Nadhani aibu ile ndiyo iliyonifanya nimchukie zaidi, maana angenitukana tungekuwa sawa.

Na alikuwa na daftari. Kaunta buku la jalada la bluu, pembe zimeliwa, lililokaa kwenye droo ya chini. Kila mtu wake alipoondoka, aliandika mstari mmoja au miwili. Kwa muda mrefu nilidhani anaweka majina ya waliomletea jogoo na waliokuja mikono mitupu. Siku moja aliliacha wazi, nikachungulia. Yalikuwa maswali. Kila fomu ya serikali ilikuwa na ukurasa wake, na chini ya kila kisanduku cha fomu ameandika swali la kuuliza, mahali pengine akalikata na kuweka jingine, na jingine juu ya hilo.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza kukolea ulikuja mradi Ruangwa. Ulikuwa mradi wa kusajili wakulima kwa kompyuta, kwenye ukurasa wa mtandao ambao mtu wa Ruangwa angejaza na mtu wa Dar es Salaam akaona saa hiyohiyo, kama dishi lililokuwa juu ya bati limeamka vizuri. Ukurasa ulikuwa na lugha mbili. Pembeni juu unachagua Kiingereza au Kiswahili, na maneno yote yaliyo juu ya visanduku yanabadilika. Kiingereza kilikuwa tayari. Walitafuta mtu wa kuandika Kiswahili, na safari hii hatimaye mlango uliogongwa ulikuwa wangu.

Nilipewa mkataba wa miezi mitatu wa kujaribiwa. Maneno yangu yakifanya kazi, ningeajiriwa moja kwa moja. Yasipofanya, nirudi Nachingwea kwenye meza ya ubao mwembamba. Nilifanya kazi ile kwa raha ambayo sijapata kuiona tena. Mkuu wa kaya. Jina kamili. Ukubwa wa eneo linalomilikiwa. Kila neno nililipima kwenye kamusi tatu. Aliyetengeneza mfumo, binti wa Dar tuliyemwita Dada wa Mfumo, aliyapachika yote kwenye ukurasa na kusema yamekaa poa.

Tukaenda Nandagala kuyajaribu. Karani akasoma maneno yangu kwenye kioo, wakulima wakajibu, karani akabonyeza. Jioni Dada wa Mfumo aliniita.

"Mwalimu, hapa kuna jamaa ni mkuu wa kaya tano," akasema. "Na zote haishi. Anaishi Chunyu."

Nilijua mara moja kilichotokea, na nilijua nani angekijua kabla hakijatokea. Akina mama watano wa tumbo moja waliulizwa mkuu wa nyumba zao ni nani, wakamtaja kaka yao, mjomba wa watoto wao, kwa sababu yeye ndiye huitwa binti akiposwa na ndiye huitwa mtu akifa. Waume zao walikuwa wamekaa pembeni wakiitikia, kwa kuwa nao walikuwa wakuu kwa dada zao.

"Na huyu mzee mmoja amejisajili mara tatu," akaendelea. "Picha moja, majina matatu. Mfumo unaona ni watu watatu. Mwalimu, mimi hii siwezi kuipeleka juu. Nakupa wiki."

Yule mzee hakuwa tapeli. Kadi ya chama cha ushirika ilikuwa na jina alilotoka nalo jandoni, daftari la kijiji lilikuwa na jina la dini, na shule ilimjua kwa jina la utotoni ambalo kwao, mtu akishapita jando, kumwita nalo ni kumvunjia heshima. Karani alimwuliza jina kamili kila mara akiwa na karatasi tofauti mkononi, naye kila mara akajibu kwa adabu jina la karatasi ile.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza kwenda Nachingwea. Nilibeba kilo mbili za sukari. Mama wa Masijala alikuwa anakaribia kustaafu, nywele zimeshika mvi, kalamu iko shingoni. Nilimwambia nataka kuliangalia lile daftari la bluu kwa kazi fulani. Sikumwambia kazi gani. Hakuuliza, yeye ambaye aliuliza kila mtu kila kitu. Alifungua droo ya chini, akanipa.

"Utarudisha," akasema.

Nilikaa nalo siku nne nyumba ya wageni. Nilinakili. Nani mnakula chungu kimoja? Msiba ukitokea nyumbani anaitwa nani? Uliitwaje kabla ya kwenda jando au unyago, na sasa unaitwaje? Mikorosho uliyopanda mwenyewe ni mingapi? Ardhi iliposimama ni ya ukoo wa nani? Nilinyoosha lugha hapa na pale, kusema kweli niliiharibu mara mbili na kuirudisha. Swali la mwisho lilikuwepo kwenye kila ukurasa, kwa fomu zote, za mirathi, za shule, za hospitali: Nani anakujua, tukimwuliza atakusema vizuri? Hilo sikuona linafaa nini kwenye kompyuta, lakini nililiweka.

Tulirudi Nandagala na mzee wa majina matatu akawa mtu mmoja. Yule mjomba wa Chunyu alibaki na nyumba yake moja. Dada wa Mfumo aliyasoma maswali kwenye kioo kutoka juu hadi chini, taratibu, midomo ikitikisika. Alisema hata upande wa Kiingereza itabidi ubadilishwe uufuate huu. Swali la mwisho tu ndilo alilolifanya si la lazima, mtu akitaka anaruka.

"Ni noma, Mwalimu," akasema. "Umeyatoa wapi haya?"

"Uzoefu," nikasema.

Neno moja tu. Niliajiriwa. Walinisimamisha kwenye semina mbele ya wakubwa kutoka mkoani, wakanipigia makofi, na katikati ya makofi yale nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu nilijua yanakwenda kwa nani. Daftari nililirudisha kwa mkono wa dereva.

Ili kuujaribu mfumo, kila mtumishi alitakiwa ajisajili kwanza yeye. Nilijibu vyote. Kwenye swali la mwisho nilikaa na vidole juu ya vitufe. Mke wangu tulikuwa tumeachana, alisharudi Tanga. Wanafunzi walinijua kama Mwalimu. Nikabonyeza nikaruka.

Miaka ikapita, akastaafu, nikasikia amerudi Chunyu kwa ukoo wa mama yake. Nilitegemea nisimwone tena. Halafu asubuhi moja, watu wakiwa wachache, aliingia ofisini Ruangwa akiwa na kitenge cha kijani na fimbo. Karani wangu alikuwa amekwenda kunywa chai, ikabidi nikae mimi.

"Mwalimu," akasema. "Nimekuja mniandike. Wanasema asiye kwenye kompyuta hapati dawa ya kupulizia mikorosho."

Nilimvutia kiti. Nikageuza kioo ili asome, kama tunavyofanya kwa wanaojua kusoma. Akakitazama kidogo tu, akanyoosha fimbo na kukisukuma taratibu mpaka kikaangalia ukutani.

"Niulize wewe," akasema.

Nikamwuliza mvua Chunyu. Nikamwuliza goti. Mikono yangu niliiweka mapajani. Niliendelea na maswali yake mwenyewe, kwa mpangilio wake mwenyewe, na kila nililolitamka nililisikia likirudi nyumbani kwa mwenyewe. Alinijibu yote. Alinitajia jina la kabla ya unyago, kwa sauti ya chini, nami ndiye mwanamume wa kwanza wa ofisi kulisikia. Alinitajia majina yake matatu kamili, ambayo katika miaka kumi na miwili ya ubao mwembamba sikuwahi kuyauliza. Mikorosho sabini na mmoja, mmoja mgonjwa. Ardhi ya mama yake.

"Mama," nikasema, "haya maswali ni yako."

"Najua. Ulirudisha daftari limekunjwa kona."

Nilingoja aseme jingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kwa kelele. Alipangusa fimbo yake kwa ncha ya kitenge.

"Bado moja," akasema. "Au hilo ulilitupa?"

"Sikulitupa. Nani anakujua, tukimwuliza atakusema vizuri?"

"Andika wewe."

"Mimi?"

"Miaka yote ile umekaa upande wa pili unanisikiliza. Tarehe zangu umezifuata mpaka kanisani Chiola, padri alinieleza. Daftari langu umelisoma lote. Wewe hukutaka nikujue, lakini mimi unanijua. Andika."

Nikageuza kioo, nikaandika jina langu kwenye kisanduku chake. Alinyanyuka, akaniuliza kama choo bado kiko nyuma ya jengo, akaaga, akaenda zake. Hata pale, nikimtazama anavuka barabara na fimbo yake, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyojibu bila kufikiri.

Karani alirudi kutoka chai akakuta nimefungua fomu yangu mwenyewe. Kisanduku cha mwisho kilikuwa bado kitupu. Nilijua wa kumwandika, ila mfumo ulitaka majina yote matatu, na la katikati lilikuwa limeshanitoka. Ikabidi niifungue tena fomu yake, ninakili.